Mchanga Mweusi wa Gakindu

Mama mkwe wangu, Wachuka, alimwaga mtoni unga wa mume wangu asubuhi ya Alhamisi, akiwa amefunga kichwani kile kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nina nia ya kumsengenya. Hakuna aliyempenda Theuri kumshinda yeye, hata mimi Karwitha, niliyeacha kwetu Chuka nikazunguka mlima mzima kuja kuolewa na Mnyeri aliyekuwa na suruali mbili na maneno mengi.

Theuri na mimi tulifanya kazi pamoja katika kituo kimoja cha utafiti nje kidogo ya mji wa Nyeri, ndani ya ghala la mabati lililowahi kuhifadhi pareto. Petroli ilikuwa imepanda bei, watu wanapanga foleni na madebe, na wakubwa wakaanza kuuliza kama nchi inaweza kujitengenezea mafuta yake. Sisi tulitaka kuyatoa kwenye hewa ukaa, ile ile mtu anayoitoa puani, ile ile inayotia povu kwenye soda. Ukiichanganya na haidrojeni uliyoitoa kwenye maji kwa umeme, ukazipitisha zote mbili kwenye bomba la moto, hakuna litakalotokea. Zitapishana bila kusalimiana. Lazima pawe na kitu katikati cha kuzikutanisha, na chenyewe kisiliwe. Kitaalamu kinaitwa kichocheo. Theuri alipomweleza jirani yetu wa kijijini kwao Gakindu, mzee Kahiga, mzee alifikiri kidogo akasema, "Ahaa. Mshenga." Tangu siku hiyo hata sisi tukawa tunakiita mshenga.

Mshenga wetu wa kwanza alikuwa nikeli, na nikeli ni muuaji. Bomba likianza kupoa kabla ya gesi kuondolewa yote, nikeli hutoa mvuke ambao huuoni, na usipoambiwa hutajua umeuvuta. Mwenzetu Muriithi alilifungua bomba mapema siku moja, Theuri akiwa amesimama begani pake. Jioni walikunywa chai wakicheka kwamba vichwa vinawauma kama watu waliolewa. Muriithi tulimzika kabla juma halijaisha. Theuri alitoka hospitalini akitembea kwa miguu yake, kila mtu akasema Mungu ni mwema, lakini mapafu yake yalikuwa yameanza kukakamaa, na hayakuacha.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Mkurugenzi wetu, Bwana Ngatia, aliiita ajali ya kazini tu.

"Lakini nikeli inafanya kazi, Karwitha," aliniambia.

"Hata dawa ya panya inafanya kazi," nikamjibu, na hatukusemezana vizuri kwa muda mrefu.

Theuri hakukasirika. Yeye alijiwekea sheria. Alisema kitu ambacho huwezi kukimwaga shambani kwa mama yako, usikitie kwenye mtambo. Kwa sheria hiyo akafuta nikeli, akafuta na kromi, akabaki na chuma. Na chuma, kama mtu wa Gakindu, alijua pa kukipata.

Baba yake, Gicheru, alikuwa mhunzi, wa mwisho katika upande ule wa Mukurweini. Zamani za ujana wake chuma hakikutoka dukani, kilitoka mtoni. Wake wa wahunzi waliosha mchanga mweusi, mzito, wakaupeleka kwenye kibanda cha uhunzi, na huko ukageuzwa kuwa mapanga na mikuki kwa makaa na mivukuto. Baadaye majembe ya dukani yakaja, kibanda kikaanguka upande mmoja, Gicheru akafa. Kilichobaki pale ndani ni chungu cha mchanga mweusi ambacho hakuna mtu aliyekigusa, kwa sababu mali ya kibanda cha mhunzi haitolewi bila mhunzi kusema neno na pombe kumwagwa. Wote walijua kwamba chuma kilichochukuliwa kimya kimya humla aliyekichukua.

Theuri alikichukua kimya kimya. Alisema mrithi ni yeye, ruhusa amejipa mwenyewe. Mama yake alitaka pombe imwagwe lakini hangeweza kuipika, maana alikuwa mtu wa kanisa. Naye Theuri angeweza kuinunua sokoni lakini hakuona haja, maana alikuwa mtu wa kemia. Basi kila mmoja akamwachia mwenzake, na chungu kikaenda Nyeri.

Chuma peke yake ni mshenga mvivu. Kinahitaji potasiamu kidogo ya kukiamsha, na kuiagiza ng'ambo kungekula miezi. Hapo nilitia mkono wangu. Nilimwambia potasiamu iko jikoni, ni yale majivu ya mabua ya maharagwe ambayo mama yake huyachuja ili kulainishia mboga ngumu. Tuliyeyusha mchanga wa Gicheru pamoja na chumvi ya majivu hayo, tukasaga, tukaupika ule unga ndani ya haidrojeni mpaka chembe ya mwisho ya kutu ikatoka. Kisha tukawasha mtambo. Kwenye chupa ya mwisho yakadondoka matone yenye harufu ya mafuta ya taa. Nilichovya njiti ya kiberiti, nikaiwasha, ikatoa mwali wa manjano. Theuri alilia waziwazi, akipangusa uso kwa mkono wa koti la kazi.

Furaha ile haikukaa. Chuma kilichovuliwa kutu kabisa kina kiu ya hewa. Kikiguswa na hewa tu, hupata moto chenyewe, huwaka chekundu na kuharibika. Mtu aliyekuwa akifagia alifungua kabati, akaacha kifuniko cha mtungi wazi, na kesho yake tukakuta kutu tupu. Theuri akarudi kwenye chungu cha baba yake, akakung'uta mchanga wote uliobaki, akaanza tena. Safari hii aliuweka unga kwenye mtungi wa chuma, akaujaza ile gesi ya soda ili hewa isiingie, akaziba mdomo kwa nta. Mtungi huo hakumwachia mtu.

Wakati huo Ngatia alikuwa amepata fedha za kujenga mtambo mkubwa. Vijana wa vyuo wangekuja kuuendesha. Magunia ya nikeli yalikuwa tayari stoo. Theuri alienda kwake akikohoa kila hatua, akamwomba asianze.

"Wewe leta koroboi moja," Ngatia alimwambia. "Moja tu, iwake na mafuta ya hiyo unga yenu, kamati ikiona. Mimi mwenyewe nitafunga stoo ya nikeli. Lakini ukikosa, bwana, tunaanza na ile tuko nayo."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Mtungi mmoja wa unga, koroboi moja, na vijana tusiowajua ambao wangesimama begani pa mtu mwingine kama Theuri alivyosimama begani pa Muriithi.

Kisha Theuri akaanguka. Daktari aliniita kando akaniambia nimpeleke nyumbani kwao. Ulikuwa ule mwaka kahawa ilipanda bei, Gakindu nzima inanunua mabati mapya, njia nzima tunasikia nyundo juu ya mapaa. Binti yetu mdogo nilimpeleka kwa mama yangu Chuka. Theuri alikubali kila kitu isipokuwa kuuacha mtungi kituoni. Tuliuweka chini ya kitanda chake. Tulipatana kwamba Jumatatu ya pili Ngatia angekuja na Landrova atuchukue, mimi na mtungi, nikauendeshe mtambo mwenyewe.

Wachuka alituuguzia mtu wetu kwa mikono miwili. Alimpikia uji wa wimbi, akamgeuza, akamwosha, akamwimbia nyimbo za kanisa. Mimi alikuwa akiniita maitu, yaani mama, kwa sababu binti yetu nilimpa jina lake kama desturi yao inavyotaka, na kwa hesabu yao ni kama nilimzaa yeye upya. Tulitaniana sana. Nilimwambia kwamba anamwamini Yesu Jumapili na mhunzi Jumatatu, naye alinijibu kwamba Wameru kama mimi hawaamini kitu chochote ila miraa. Lakini kila akifagia chini ya kitanda, ufagio ulikuwa unasimama.

"Hii kitu nyeusi ni nini?" alimwuliza Theuri siku moja.

"Ni ule mchanga wa baba."

Wachuka akaegemeza ufagio ukutani. Alimtazama mwanawe, jinsi mbavu zilivyokuwa zikipanda na kushuka kwa taabu, kisha akautazama mtungi. Nilimwona akiutazama. Sikujua anahesabu nini kichwani.

Alhamisi hiyo nilienda sokoni kutafuta ndizi za kumpondea. Niliporudi nikakutana naye akipanda kutoka mtoni, kitambaa cheupe kichwani, mtungi mtupu kwapani, kiganja cha kulia kimeungua. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Maitu, nimeitoa," alisema. "Ile kitu ilikuwa inamkula, nimeitoa."

"Umetoa nini?"

"Nimerudisha kwa mto, penye ilitoka. Nilifungua kidogo tu nione. Ikatoa moshi! Nikamwaga kidogo kwa mkono, ikakuwa nyekundu, nyekundu kabisa, kama wakati baba Theuri alikuwa anavuta mvukuto. Na hakuna makaa! Hakuna kiberiti! Sasa niambie wewe umesoma, hiyo ni kitu ya kuweka chini ya kitanda ya mgonjwa? Nikakimbia. Kwa maji ikalia, fyuu, halafu ikanyamaza. Nimeomba pia. Nimeomba sana."

Niliketi palepale njiani, juu ya majani yenye umande, na ndizi zangu. Yeye alidhani ni shukrani, akanipapasa bega kwa ule mkono mzima. Nilimwosha kidonda, nikamfunga kitambaa, na tukaingia ndani pamoja.

Alimsimulia Theuri mwenyewe, kwa fahari, kuanzia kwenye nta hadi kwenye maombi. Theuri alisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama mara moja tu, na mimi nikaangalia ukutani, maana ningemtazama ningelia.

"Mama," alisema, "ng'ombe za Kahiga zimekunywa maji leo?"

"Zimekunywa. Nimezipata hapo."

"Chini yako, ama juu?"

"Chini. Kwani?"

"Na ziko sawa?"

"Ziko sawa kabisa. Zimepanda nyumbani."

Theuri alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, tukamwinua, akapata pumzi, akacheka tena kidogo. "Karwitha, umesikia? Mtungi mzima! Ingekuwa nikeli saa hii tunalipa ng'ombe za watu." Nami nikacheka, huku machozi yananitiririka, kwa sababu ilikuwa kweli. Unga wake ulikuwa umemwagwa kwa mama yake, na hakuna kilichokufa.

Wachuka hakucheka. Alikuwa anatutazama, mmoja kisha mwingine, na ile nuru ikaanza kumtoka usoni. Theuri akamshika mkono, akamweleza polepole, kwa Kikuyu, jambo lote. Kuhusu Muriithi. Kuhusu mvuke uliomwingia kifuani, kwamba huo ndio unaomwua na si mchanga. Kuhusu koroboi. Mimi Kikuyu changu ni cha Chuka, lakini nilielewa kila neno.

"Ilikuwa kazi yako," Wachuka alisema mwishowe, akirudi kwenye Kiswahili ili nami nisikie. "Mimi nilifikiri ni ya baba yako."

"Ilikuwa yetu wote wawili."

Alikaa, mikono mapajani, ule uliofungwa juu ya ule mzima. Alionekana mzee ghafla. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna hiyo, na huku nimeudhika naye kiasi cha kutaka kupasuka.

"Mama," Theuri alimwambia, "bado uko na nguvu ya kuosha mchanga?"

Akainua macho. Alipoolewa pale, msichana bado, alikuwa akiosha mchanga wa Gicheru pamoja na wake wengine wa wahunzi, magoti ndani ya maji tangu asubuhi.

"Niko nayo," alisema.

"Basi niletee mwingine. Nitaanza tena."

Alipotoka kutafuta beseni, nilimgeukia Theuri. Kuyeyusha, kusaga, kupika, hata mtu mwenye afya hawezi kuimaliza kazi hiyo kabla ya Jumatatu. Alilijua hilo kuliko mimi.

"Utaanza tena na mapafu gani?" nilimwuliza. Nina ulimi mkali, na sikuweza kuuzuia.

"Ya mke wangu," alisema. Kisha akafumba macho. "Mwache aende. Akikaa hapa ananiangalia mpaka naogopa kukohoa. Na akibaki na hiyo kitu kwa roho bila kazi ya mkono, itamwua kabla yangu."

Wachuka akaenda mtoni. Ijumaa alienda, na Jumamosi pia, na beseni na kiondo, sketi imefungwa kiunoni, kiganja kimezungushiwa plastiki. Jioni alirudi amelowa hadi kifuani, na kwenye jani la mgomba alikuwa na mchanga mweusi wa kujaza kikombe, siku nyingine hata haujai. Mto ulikuwa umebadilika, alisema, siku hizi watu wanalima hadi ukingoni na udongo mwekundu umefunika kila kitu. Theuri alitia vidole mchangani akausugua.

"Ni mzuri," alimwambia. "Ni mzuri kuliko ule wa baba."

"Ni kidogo."

"Ni kidogo, lakini ni mzuri."

Jumapili hakwenda kanisani. Wenzake wa vitambaa vyeupe walipita kumwuliza kama ameugua, wakaambiwa yuko mtoni, wakatazamana. Jumatatu aliamka mapema akasema anapanda juu kwenye maporomoko, mahali ambapo Gicheru alikuwa akipapenda. Alimwekea Theuri mkono wa kushoto kwenye paji la uso, akachukua kiondo, akaenda.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti. Theuri aliniuliza, "Amerudi?"

"Bado."

"Sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepunguziwa mzigo. Akatoa pumzi. Nilingoja avute nyingine. Nilingoja na kile kikombe mkononi mpaka uji ukapoa, na ndipo nikaelewa kwamba nangoja bure.

Mzee Kahiga alipanda kumtafuta Wachuka akamkosa, maana alikuwa ameenda mbali kuliko alivyosema. Majirani wakaja, wanawake wakaketi nyasini, mtu akawasha moto wa chai. Katikati ya hayo tukasikia Landrova langoni. Ilikuwa Jumatatu, na Ngatia alikuwa ametimiza ahadi yake ya kuja. Alishuka akiwa na kofia kichwani, akawaona watu, akasimama kando ya gari asijue aweke wapi mikono yake.

Wachuka alitokea upande wa migomba. Kiondo kilikuwa kimejaa, kamba imemkaza kwenye paji la uso, maji yanamchuruzika mgongoni mpaka kwenye visigino. Aliwaona wanawake wamekaa. Hakupiga kelele. Aliingia nyumbani na mzigo wake, mlango ukafungwa. Alikaa humo muda mrefu. Hakuna aliyemsikia akilia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Alipotoka, kiondo bado alikuwa nacho. Alitandika gunia uani, akaumwaga mchanga wote, mweusi, unaong'aa kwa maji. Akaniangalia.

"Maitu, unatosha?"

Nilichuchumaa nikaupima kwa viganja. Nilikuwa nautaka usitoshe, ili nimchukie kidogo tu, nipumzike. "Unatosha," nikamwambia.

Akanyoosha miguu juu ya nyasi, akaanza kuchagua vijiwe, kimoja kimoja, akivitupa kando. Nami nikaketi upande wa pili wa gunia nikachagua.

Ngatia alitukaribia. "Poleni, mama. Poleni sana," alisema. "Karwitha, pole. Ile mambo ya mtambo isikusumbue sasa. Vijana wako tayari, na ile nikeli si tutaanza tu nayo, halafu baada ya mazishi..."

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini Wachuka alinitangulia. Hakuinua macho kutoka mchangani.

"Wewe ndiye Ngatia?"

"Ndiyo, mama."

"Hii ni kazi ya Theuri," alisema. "Haijaisha. Keti chini ungoje."

Ngatia aligeuka akalitazama gari lake. Kisha akavua kofia, akaketi.